Idi Akikuuliza Unataka Kukaa Wapi

Mwanangu Hidaya,

Barua huanza kwa kujuliana hali, lakini mimi na wewe tuko nyumba moja, na hali yako naisikia kupitia ukutani. Unapigana na zipu ya lile begi kubwa, mama yako anakwambia ulikalie, nawe unamjibu kwa Kiingereza kwamba likikaliwa litapasuka. Kwa hiyo yako nimeshaijua. Yangu ni nzuri. Nimetoka zamu, nimeoga, nimekula, na tangu hapo nimekaa jikoni nikijifanya nasoma ratiba ya wiki ijayo. Sisomi chochote.

Mambo ya sweta, dawa za mafua, pilipili ya kusaga uliyofungiwa ndani ya soksi, na watu wa kuwapigia simu ukikwama, mama yako ameshayasema. Mengine ameyarudia mpaka nimeyahifadhi mimi nisiyesafiri. Hapo sina la kuongeza. Nimebakiwa na jambo moja tu la kukufundisha, na najua hukulitarajia kutoka kwangu: namna ya kuchagua kiti kizuri kwenye uwanja wa besiboli ukiwa mgeni.

Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Najua unajisemea kwamba baba yako ni dereva wa basi wa Edmonton, hapa London, mtu ambaye hata mpira wa miguu humpitia usingizini akiwa na kikombe cha chai mkononi. Ni kweli. Lakini juzi Idi alipokupigia simu kutoka Ohio, uliiweka simu mezani, na sote tukamsikia. Alisema wikiendi yako ya kwanza watakupeleka kwenye mechi, kwamba mama yake, Shangazi yako Mwajuma, ameshaamua na hakuna wa kumbishia. Akakuuliza, "Sasa unataka kukaa upande gani? Niambie nikate tiketi."

Nawe ukamjibu, "Popote tu, Idi. Usijisumbue."

Wewe ambaye nikikusemesha Kiswahili asubuhi unanijibu Kiingereza mpaka jioni, hilo ulilisema kwa Kiswahili safi cha Muheza, na sauti ikashuka mwishoni kama yangu inavyoshuka. Mama yako alifurahi. Alinitazama kama kusema, umeona, mtoto ana adabu. Mimi nilisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako, na nikaingiwa na huzuni ambayo sikuweza kuieleza pale pale. Ndiyo maana naandika.

Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo la kwanza. Mwezi wa tatu uliniuliza swali hapa hapa jikoni, na nikakujibu kwa maneno hayo hayo uliyomjibu Idi. Najua lilikuumiza. Tangu siku ile tunaongea vizuri, tunacheka, lakini unaniongelesha kwa uangalifu, namna watu wanavyoongea na jirani. Sitaki uondoke kesho na jibu lile. Nitakujibu upya kabla sijaweka kalamu chini, ila nivumilie nipite njia yangu. Nimezoea kupita vituo vyote.

Unakumbuka nilivyokwenda Ohio peke yangu, mwaka ule ulipokuwa unajiandaa na mitihani yako ya sekondari? Mama yako alibaki nawe. Nilikwenda kumwona Shangazi Mwajuma. Wewe unamjua kwa sauti ya simu na zile zawadi za nguo zisizokutosha, lakini mimi yule ndiye dada aliyenibeba mgongoni. Alipoondoka kwenda Amerika kusomea uuguzi nilikuwa bado kijana wa Tanga nisiye na kazi. Tukazeeka kila mtu upande wake. Nilipomwona pale uwanja wa ndege nilimpita, maana nilikuwa namtafuta msichana mwembamba. Aliniita kwa nyuma, "Bakari, unakwenda wapi?" Nikageuka nikalia mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Jioni ile mezani, Idi akaniambia, "Mjomba, Jumamosi kuna mechi. Unapenda kukaa wapi? Karibu na wachezaji, juu, kivulini, juani? Sema tu."

Nikasema, "Popote tu, mwanangu. Mimi mgeni."

Nikueleze kwa nini, maana wewe umezaliwa hapa na huenda unafikiri ni woga. Kwetu Muheza mgeni hachagui kiti. Anasubiri aonyeshwe, na akionyeshwa anakaa ukingoni, kama mtu aliyepita tu. Akiulizwa amekula, anasema ameshiba, hata kama tumbo linanguruma mpaka mwenyeji analisikia. Mwenyeji naye anajua kwamba hajashiba. Anamkaribisha tena, anakataa. Anamkaribisha tena, anakataa kidogo. Mwishoni mgeni anasogea mezani huku akilalamika kwamba analazimishwa, na hapo ndipo anapokula vizuri. Ni mchezo wa watu wawili, na wakiujua wote ni mchezo mzuri sana. Kila mtu anapata anachotaka na hakuna aliyeonekana kuomba.

Shida ni kwamba Idi hakuujua. Kazaliwa kule kama wewe ulivyozaliwa huku. Aliniuliza, nikamjibu, akaniamini. Viti vya pamoja vilikuwa vimekwisha, vilibaki viwili huku na kimoja kule, naye akapiga hesabu ya mtu mwenye akili: mama ana magoti mabovu na jua linamchosha, lazima akae kivulini na mtu wa kumsaidia ngazi; mjomba amesema anakaa popote. Basi akanikatia hicho cha kule. Simlaumu hata kidogo.

Siku yenyewe nilivaa koti la suti. Usicheke tena, nilikuwa nimealikwa. Nikakuta uwanja mzima watu wako na fulana na kaptula, na mimi nimevaa kama baba wa bibi harusi. Idi akanisindikiza hadi kwenye kiti changu, upande wa kulia, mbali kabisa, kule uwanja unakokaribia kuishia. Jua la alasiri lilikuwa linanitazama usoni. Na mbele yangu kulisimama nguzo ndefu ya njano, ile inayoonyesha mpira umetoka nje au haukutoka. Kwa mchezo ni nguzo ya maana sana. Kwangu ilisimama katikati kabisa, kati yangu na mtu anayerusha mpira. Kila alipoinua mkono nguzo ilimficha, na nilichoona mimi ni watu kuanza kukimbia bila sababu.

Jirani yangu alikuwa mzee mnene mwenye mfuko wa karanga, mtu mkarimu. Akaniuliza nashangilia timu gani. Nikamwambia yoyote tu. Akanigawia karanga, nafikiri kwa kunihurumia.

Ng'ambo, upande wa kushoto, kwenye kivuli, niliona mtandio wa rangi ya chungwa. Ulikuwa wa dada yangu. Akanipungia mkono nami nikampungia. Baadaye kidogo akanipungia tena, nikampungia tena. Idi alikuja mara moja jasho linamtoka. "Mjomba, uko sawa? Tubadilishane, nenda ukakae na Mama."

"Niko sawa, Idi. Hapa pazuri sana."

Hidaya, nilikuwa nimekuja Amerika kumwona mtu mmoja, na mchana mzima nilimpungia mkono kama abiria aliyeko basi jingine. Hakuna aliyenilazimisha. Niliulizwa mara mbili.

Mchezo ule una desturi nzuri. Karibu na mwisho watu wote husimama, hujinyoosha viungo, huimba pamoja, kisha hukaa. Mimi nilisimama na koti langu. Watu walipokaa, nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Alikuwa Shangazi yako, amezunguka uwanja mzima na magoti yale, mkoba kwapani. Hakunisalimia. Aliinama akaweka kichwa chake sawa na changu, akatazama mbele.

"Unaona nini hapa?"

"Naona vizuri, dada."

"Sijakuuliza unaonaje. Nimekuuliza unaona nini."

"Naona nguzo."

Alicheka mpaka ikabidi ashike bega la yule mzee wa karanga. Mzee akasimama akampisha, akaenda kukaa pengine. Ndipo dada yangu akaketi, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na alipomaliza hakuwa anacheka tena.

"Idi alipokuuliza unataka kukaa wapi, moyoni ulitaka wapi?"

"Karibu na wewe."

"Sasa mbona hukusema?"

Nilimwambia kitu kuhusu adabu, kuhusu kutomsumbua kijana wa watu. Akanikatiza. "Ukisema popote, Bakari, unaniachia mimi kazi ya kukubahatisha. Nami nimezeeka. Nashinda hospitali nikibahatisha wagonjwa wasiosema wanaumwa wapi. Nikirudi nyumbani nataka ndugu yangu aniambie."

Mechi ilipokwisha watu wakaanza kutoka, naye hakutaka kutoka. Alinishika mkono akanizungusha uwanja ule, kituo kwa kituo, akinikalisha na kuniinua kama mtoto anayejaribishwa viatu. Idi alikuwa nyuma yetu amebeba mikoba. Hayo ninayokufundisha sasa nilifundishwa alasiri ile.

Jambo la kwanza ni saa ya kuanza. Mechi ya jioni haina taabu, lakini ya mchana ni ya kupigana na jua. Jifikirie umesimama pale anaposimama mpigaji, unamtazama mrushaji. Kituo cha kwanza cha kukimbilia kiko kulia kwako, cha pili mbele, cha tatu kushoto. Viwanja vingi vimegeuzwa ili jua la alasiri lisimwingie mpigaji machoni, kwa hiyo watu wa upande wa kituo cha tatu ndio wanaopata kivuli mapema, na wale wa kulia wanaungua kama baba yako. Si viwanja vyote, kwa hiyo uliza, Idi atakuwa anajua.

Usikimbilie safu ya mbele kabisa. Mimi nilipopelekwa pale niliona ndiyo heshima yenyewe, unamwona mchezaji hadi vumbi la kiatu. Lakini mpira ukipigwa mbali hujui umeangukia wapi, unabaki unatazama nyuso za wenzako upate habari. Panda safu kadhaa, hadi uone uwanja wote umelala chini yako. Wala usipande ukajificha nyuma kabisa chini ya ghorofa, maana mpira ukipaa juu, dari linaukata, na utakuwa unasikia watu wanapiga kelele kwa kitu usichokiona.

Nyuma ya mpigaji kuna wavu. Ukikaa hapo ndipo unapoona ufundi wa mrushaji, mpira unavyokuja na kupinda dakika ya mwisho, na wavu unauzoea haraka. Ukikaa mahali ambapo wavu umeishia, weka simu mfukoni. Ule mpira ni mgumu na hauna adabu. Kama mtu unayekwenda naye ni wa stori na vicheko, kaeni kule mwisho, mpira unakoangukia ukipigwa sana. Hamtaona ufundi wowote lakini mtafurahi. Kiti cha mwisho wa safu kinafaa miguu mirefu kama yako, ila kila anayefuata soda utainuka kumpisha. Na timu ya wageni ina benchi lake, na mashabiki wake hupenda kukaa nyuma ya benchi hilo, basi uliza ni upande upi kabla hujavaa kofia ya rangi isiyotakiwa.

Nilipozungushwa kote huko nikamwuliza dada yangu, sasa kilicho bora kuliko vyote ni kipi? Akanitazama kama nimechelewa darasa zima. Akasema hawezi kuniambia mpaka nimwambie nimekuja kuona nini. Wiki iliyofuata tukarudi. Idi aliniuliza tena unataka kukaa wapi, na nikamwambia, ulimi mzito kama nakopa, "Upande wa kituo cha tatu, kivulini, karibu na mama yako." Akasema, "Sawa, Mjomba," akabonyeza simu, ikawa basi. Hakuniona mlafi wala hakushangaa. Nilikaa na dada yangu mchana kutwa, tukaongea habari za nyumbani mpaka sijui timu ipi ilishinda.

Ungefikiri mtu akifundishwa hivyo anarudi nyumbani amebadilika. Mimi nilirudi Edmonton, nikapanda basi langu, na baada ya wiki chache nikawa yule yule.

Kazi yangu inanionyesha watu wanavyochagua viti, na nakwambia, wewe ulikuwa bingwa. Ulipokuwa mdogo, mama yako akikuleta kunisubiri mwisho wa zamu, hukupanda basi langu bila kusema unataka juu, mbele, dirishani. Kiti kikiwa na mtu ulisimama karibu naye ukimtazama mpaka anasogea. Abiria walicheka. Mimi niliona haya. Nilikufundisha kusema asante, sawa, haidhuru, kiti chochote. Tulipokwenda kwa watu Walthamstow, ukaulizwa unywe nini, ukasema soda ya machungwa yenye barafu, nilikufinya chini ya meza. Sikumbuki ulikuwa na umri gani, lakini nakumbuka uso wako ulivyonigeukia, ukitaka kujua umekosea wapi, maana mama mwenye nyumba alikuwa ameuliza na wewe umejibu. Hukuwa umekosea. Natamani ungeomba soda ile tena leo, nikusikie.

Na ile siku ya shule, uliposoma shairi lako jukwaani. Nilifika. Nilifika mapema, viti vya mbele vikiwa vitupu, na mwalimu akanikaribisha kwa mkono. Nikaona sare yangu ya kazi, nikaona wale wazazi wengine wanaoingia wakisalimiana, nikaenda kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, penye makoti. Kwetu viti vya mbele vina wenyewe, na mtu mwenye akili hasubiri kuinuliwa. Ulipanda jukwaani ukaanza kutafuta kwa macho, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikainua mkono lakini hukufika kwangu. Ukasoma ukitazama sakafu. Kwenye basi la kurudi ukaniambia, "Hukuja." Nikakwambia nilikuwepo, nikakueleza ulichosoma mstari kwa mstari ili uniamini. Uliniamini, lakini haikukusaidia kitu, maana ulishasoma peke yako.

Ndipo tunafika mwezi wa tatu.

Ulikuwa umepata majibu mawili. Chuo cha hapa London, ambacho ungekwenda kwa treni na kurudi nyumbani kula, na hiki cha Ohio. Mimi nilikuwa naosha kikombe changu cha chai, umesimama mlangoni na simu mkononi. Ukaniuliza, na kwa mara moja hukuniuliza kwa Kiingereza. "Baba, wewe unataka niende wapi?"

Nikasema, "Popote tu, mwanangu. Popote utakapofurahi."

Sikugeuka. Niliendelea kuosha kikombe kilichokwisha kuwa safi. Wewe ulisimama kidogo, ukasema "okay", ukaenda chumbani kwako. Wiki ile ile ukakubali Ohio. Mama yako akaniambia baadaye kwamba ulimwambia, "Dad doesn't mind either way." Aliniambia huku akikunja nguo, bila kunilaumu, lakini alizikunja kwa nguvu.

Niliamini nakupa uhuru. Niliwaona wazazi wanaowashika watoto wao shati, wanaowalilia, wanaowapangia mpaka mume, nikasema mimi sitakuwa hivyo, mwanangu asije akabaki kwa kunihurumia. Hilo lilikuwa kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Ningesema ninachotaka, nawe ukachagua kingine, ningebaki pale na matakwa yangu mkononi kama mtu aliyekataliwa chakula. Popote ni neno salama sana kwa anayelisema. Anayeuliza ndiye anayebaki peke yake.

Sasa nakujibu.

Nilitaka ubaki. Siku ile, Hidaya, na swali lako bado liko hewani, nilitaka ubaki kwa moyo wangu wote. Nilitaka uchukue treni asubuhi na urudi jioni ukilalamika. Nilitaka nikitoka zamu nikute viatu vyako katikati ya njia nijikwae nigombe. Nilitaka kuendelea kusikia ufunguo wako mlangoni, ule unaouzungusha kwanza upande usio wake, kila siku, miaka yote hii. Hilo ndilo nililotaka, na nilipaswa kugeuka nikuambie usoni.

Ungeenda hata hivyo. Nakujua, na naijua ile kazi unayotaka kuisomea, na najua kwamba kwa kazi hiyo chuo cha kule ni bora. Ningekuambia baki, ungelia, tungebishana, kisha ungeenda, nami ningekubebea begi. Umechagua vizuri, na leo nataka uende. Nimeona unavyoongea na wenzako wa kule kwenye simu, uso unawaka. Sikuandikii ili ubadilishe chochote. Tiketi iko pale pale. Ila nimeona nisikuache upande ndege ukiamini kwamba hapa Edmonton kuna mtu ambaye kwake kuondoka kwako na kubaki kwako ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Nakupenda, na nyumba hii itakuwa kubwa mno.

Kwa hiyo mpigie Idi tena. Hajakata tiketi bado, nimemwuliza. Mwambie unataka wapi. Kama ni juani na vijana wenzako wenye kelele, sema juani. Kama ni karibu na Shangazi, sema, naye atafurahi, ila akikualika ule naye karanga usianze kukataa kataa, hana subira hiyo tena. Na huko chuoni, wakikuuliza chumba gani, kundi gani, kazi gani, usiwape sauti yangu. Adabu uliyonayo inatosha, haitaisha kwa kusema unachotaka.

Nami nitakuja. Nimeshaomba likizo ya mwakani, mama yako anajua. Usiniulize kwa adabu nitakaa wapi, nakwambia kabisa: upande wa kituo cha tatu, safu ya katikati, kivulini, mbali na nguzo yoyote ya njano. Shangazi yako akae anapopenda, atasema mwenyewe. Wewe ukae mkono wangu wa kushoto, kwa kuwa sikio la kulia limechoshwa na dirisha la basi, na nataka kusikia kila utakachosema. Koti la suti sitavaa.

Na kesho, kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege, mama yako alikuwa ameshajipangia kukaa pembeni yako, na mimi na mabegi tukae tutakapopata. Nimemwambia nami nataka pembeni yako. Alinitazama kwa mshangao, kisha akasema una pande mbili.

Barua hii sikuiweka kwenye begi. Sitaki uisome ukiwa angani, mahali usipoweza kunijibu. Nitaipitisha chini ya mlango wako mara tu mama yako atakapotoka humo kwenda kuswali. Halafu narudi jikoni. Leo sikai kwenye kile kigoda changu cha karibu na mlango. Nimehamia kwenye kiti chako cha dirishani, maana ndicho ninachokitaka, na nimekuwekea kingine mbele yangu.

Nimefunga bomba, sioshi kitu. Njoo uniulize tena.

Baba yako,
Bakari